Mkataba wa karne moja wayumba katika barafu ya Svalbard

MNAMO Februari 26, 2008, siku mbili tu kabla ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia saini mwafaka wa amani mbele ya Kofi Annan jijini Nairobi, Mkenya mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa handaki lililochimbwa katika mlima wenye baridi kali, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia.

Huyo alikuwa marehemu Profesa Wangari Maathai. Akiwa na Waziri Mkuu wa Norwei wa wakati huo, Jens Stoltenberg, mshindi huyo wa Tuzo ya Amani ya Nobel aliingiza kasha la kwanza la mbegu katika ghala la dunia lililoko kwenye visiwa vya Svalbard.

Wakenya walikuwa na mengine ya kuwashughulisha siku hizo. Hata hivyo, tangu wakati huo mbegu zetu nazo zimo katika akiba hiyo. Miongoni mwa walioweka mbegu zao humo ni benki ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga, pamoja na kituo cha kimataifa cha utafiti wa miti na kilimo chenye makao yake mtaani Gigiri, Nairobi.

Ghala hilo, ambalo huhifadhi mbegu katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri, lilijengwa ili taifa likipoteza mazao yake kwa vita, moto au gharika, liwe na mahali pa kuanzia upya. Halikukaa muda mrefu kabla ya kuhitajika. Mnamo 2015, watafiti waliolazimika kuihama benki yao ya mbegu karibu na mji wa Aleppo, Syria, kwa sababu ya vita, walichukua sehemu ya akiba yao kutoka Svalbard na kuipanda Lebanon na Morocco.

Ni wazi basi kwamba dunia imekiweka chakula chake cha kesho katika visiwa hivi kwa imani kwamba vita havitafika huko. Swali ambalo watu wengi hawajajiuliza ni hili: imani hiyo yenyewe inalindwa na nani?

Jibu ni kwamba hailindwi na kambi ya jeshi wala manowari. Inalindwa na karatasi iliyotiwa saini jijini Paris Februari 9, 1920. Na katika miaka hii ya karibuni, karatasi hiyo imeanza kuvutwa huku na huku.

Ardhi isiyokuwa na mwenyewe

Svalbard ni visiwa vilivyo katikati ya safari kutoka pwani ya Norwei hadi ncha ya dunia. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imefunikwa na barafu. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwishoni mwa Januari ni giza usiku na mchana, na kuanzia Aprili hadi Agosti jua halituwi. Wakazi wake wote hawafiki 3,000, na wengi wao huishi katika mji mdogo wa Longyearbyen.

Mholanzi Willem Barentsz alivifikia mnamo 1596. Wakaja wawindaji wa nyangumi, kisha wachimbaji wa makaa ya mawe. Mji wa Longyearbyen wenyewe unaitwa kwa jina la Mmarekani John Munro Longyear, aliyeanzisha machimbo hapo 1906. Wakati huo wote ardhi hiyo haikuwa ya dola yoyote. Palipotokea ugomvi wa machimbo au wa vibarua, hapakuwa na hakimu wala polisi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mataifa yaliyokutana Paris yalitafuta dawa. Norwei ilipewa mamlaka kamili juu ya visiwa hivyo, lakini kwa masharti. Raia na kampuni za mataifa yote yaliyotia saini wana haki sawa ya kuvua, kuwinda na kuchimba madini. Kodi inayokusanywa huko itumike huko huko. Visiwa visijengwe ngome wala kituo cha wanamaji, na visitumiwe kamwe kwa madhumuni ya vita.

Mkataba huo ulianza kutekelezwa Agosti 1925. Muungano wa Kisovieti ulijiunga 1935, na leo wanachama wamepita 40, zikiwemo China, India, na kutoka barani Afrika, Misri na Afrika Kusini.

Ni mkataba wa ajabu. Mtu anaweza kwenda kuishi Svalbard bila viza ya Norwei, almuradi aweze kujilisha na kujipatia mahali pa kulala. Asiyejiweza huweza kurejeshwa alikotoka. Ndiyo maana utawakuta huko Wathai na Wafilipino wakifanya kazi katika hoteli na maduka, bega kwa bega na Wanorwei.

Msimamizi wa yote hayo ni gavana. Tofauti na magavana wa kaunti zetu, huyu hachaguliwi na wakazi bali huteuliwa na serikali iliyoko Oslo. Yeye ndiye mkuu wa polisi, ndiye mlinzi wa mazingira, na ndiye anayeongoza uokoaji watu wanapokwama barafuni. Eneo lake la utawala ni zaidi ya kilomita mraba 60,000, nao maafisa wake ni wachache mno.

Majirani wasiotazamana usoni

Yapata kilomita 50 kutoka Longyearbyen kuna mji mwingine, Barentsburg. Huko alama zimeandikwa Kirusi, sanamu ya Lenin ingali imesimama, na Urusi ina ubalozi wake mdogo. Mji huo ni wa kampuni ya serikali ya Urusi iitwayo Trust Arktikugol, ambayo imechimba makaa ya mawe visiwani humo tangu enzi za Kisovieti.

Kuna wakati ambapo Warusi na raia wenzao wa Kisovieti walikuwa wengi kuliko Wanorwei katika visiwa hivi. Leo wamebaki mia chache. Mji wao wa pili, Pyramiden, ulifungwa mnamo 1998 na kubaki mahame yanayotazamwa na watalii.

Kwa miaka mingi jamii hizi mbili ziliishi kwa ujirani mwema. Walicheza michezo pamoja, wakatembeleana kwa maonyesho ya nyimbo, na wakazikana. Agosti 1996, ndege iliyokuwa ikiwaleta wachimbaji na familia zao kutoka Moscow iligonga mlima karibu na Longyearbyen na kuwaua watu wote 141 waliokuwamo. Kazi ya kuwatafuta na kuwatambua wafu ilifanywa na pande zote mbili.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mlango huo ulifungwa. Biashara ya utalii baina ya miji hiyo ikafifia na ziara rasmi zikakoma. Lililo chungu zaidi ni kwamba wachimbaji wengi wa Barentsburg walitoka eneo la Donbas, mashariki mwa Ukraine. Vita viliwakuta wakila katika mkahawa mmoja, ilhali jamaa zao walikuwa pande mbili za mstari wa mapigano.

Makontena, waya na kaa

Wadadisi wengi wa mambo ya usalama huuliza iwapo Urusi inaweza kuteka visiwa hivi. Kwa maoni yangu, hilo si swali la kwanza. Norwei ni mwanachama mwanzilishi wa jumuiya ya kujihami ya NATO, na kuishambulia ni kuwashambulia wote. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya mizozo midogo ambayo hakuna aliyepewa mamlaka ya kuiamua.

Chukua mfano wa makontena. Katikati ya 2022, shehena ya chakula na vifaa iliyokusudiwa kwenda Barentsburg ilizuiwa katika mpaka wa Storskog, Norwei bara, kwa sababu malori ya Urusi yalikuwa yamewekewa vikwazo. Moscow ilidai kwamba Norwei inawanyima watu wake chakula na kuvunja mkataba. Oslo ilijibu kwamba Svalbard haijafungwa, na kwamba shehena ingeweza kupitia njia nyingine.

Jambo hilo lilitatuliwa mwezi uliofuata na makontena yakafika. Lakini kabla ya hapo, Spika wa Bunge la Urusi alikuwa ameshataka ichunguzwe kama mkataba wa 2010 unaogawa Bahari ya Barents baina ya nchi hizo mbili uendelee kuheshimiwa. Mzozo wa malori ulikaribia kuzua mzozo wa mipaka.

Mfano wa pili ni waya. Svalbard imeunganishwa na bara kwa nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, kila mmoja ukiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,300. Karibu na Longyearbyen kuna kituo kikubwa cha kupokea habari za satelaiti, mojawapo ya vikubwa zaidi duniani. Satelaiti zinazozunguka kwa kupitia ncha za dunia hupita juu yake katika kila mzunguko, na habari zake hutumiwa katika utabiri wa hali ya hewa kote ulimwenguni.

Alfajiri ya Januari 7, 2022, mmoja wa nyaya hizo uliharibika. Vyombo vya habari vya Norwei viligundua kwamba meli ya uvuvi ya Kirusi ilikuwa imepita juu ya waya huo mara kadhaa. Wenye meli walikana kosa lolote. Polisi walichunguza, wakakosa ushahidi wa kumfikisha mtu mahakamani, na faili ikafungwa. Mpaka leo hakuna aliyethibitishwa kuwa na hatia. Na hapo ndipo ugumu ulipo: kitendo kisicho na mtendaji hakiwezi kujibiwa.

Mfano wa tatu ni bahari yenyewe. Mkataba wa 1920 uliandikwa wakati ambapo hakuna nchi iliyodai kumiliki bahari hadi maili 200 kutoka pwani yake. Norwei ilipotangaza eneo la kulinda samaki kuzunguka Svalbard mnamo 1977, swali likazuka: je, haki sawa za mkataba zinafika mpaka huko?

Norwei inasema hapana. Inasema mkataba unazungumzia nchi kavu na maji yaliyo karibu nayo tu. Urusi haijawahi kulikubali eneo hilo. Hata marafiki wa Norwei katika Umoja wa Ulaya hawakubaliani nayo. Meli moja kutoka Latvia ilikamatwa 2017 ikivua kaa wa theluji bila leseni ya Norwei, na kesi za aina hiyo zilifika hadi Mahakama ya Juu ya Norwei, ambayo Machi 2023 iliamua kwamba mkataba hauwapi wageni haki ya kuvua kaa hao katika sakafu ya bahari iliyo nje ya maji ya karibu.

Msomaji asidhani ni kesi ya kaa tu. Sheria inayomtawala kaa anayetambaa sakafuni ndiyo hiyo hiyo itakayotawala mafuta, gesi na madini yaliyo chini ya sakafu hiyo.

Mnamo Oktoba 2005, meli ya uvuvi ya Kirusi iitwayo Elektron ilikamatwa katika eneo hilo, ikatoroka hadi Urusi ikiwa na wakaguzi wawili wa Norwei ndani yake. Wakati huo Oslo na Moscow zilisikilizana. Walinzi wa pwani walijizuia, wakaguzi wakarudi salama, na nahodha akashtakiwa kwao Urusi. Yakitokea hayo leo, ni nani angempigia mwenzake simu?

Mgala na haki yake

Wahenga walisema mgala muue na haki yake umpe. Malalamiko ya Urusi si ya jana, wala si yote yasiyo na msingi.

Februari 2020, mkataba ulipotimiza miaka 100, Waziri wa Mambo ya Nje Sergei Lavrov alimwandikia mwenzake wa Norwei akilalamikia vikwazo dhidi ya helikopta za kampuni ya Urusi na kupanuliwa kwa hifadhi za mazingira ambako wageni hawawezi kuanzisha shughuli. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Svalbard sasa ni hifadhi. Kwa Norwei, huko ni kuwalinda dubu na mimea. Kwa Moscow, huko ni kumfungia jirani mlango kwa kisingizio cha dubu.

Machi 2025 Moscow ilimwita balozi wa Norwei na kudai kwamba visiwa vinageuzwa kuwa vya kijeshi. Norwei ilikana, ikisema ziara za manowari zake na walinzi wake wa pwani hazikatazwi na mkataba. Lakini Urusi nayo haina mikono safi. Mei 9, 2023, maadhimisho ya ushindi wa Vita vya Pili yalifanywa Barentsburg kwa msafara wa magari na helikopta wenye sura ya gwaride la kijeshi, jambo lililowaudhi sana Wanorwei.

Norwei kwa upande wake imekuwa ikikaza kamba. Mnamo 2022 iliamua kwamba wageni hawatapiga kura katika uchaguzi wa baraza la mji wa Longyearbyen isipokuwa wawe wameishi Norwei bara kwa miaka mitatu. Mthai aliyefanya kazi huko miaka mingi, akalipa kodi na kusomesha wanawe, akajikuta hana sauti kuhusu shule hiyo hiyo. Mnamo 2024 serikali ilizuia kuuzwa bila idhini yake kwa kipande cha mwisho cha ardhi ya watu binafsi kilichokuwa kikitafutiwa mnunuzi, ikihofia kwamba kingeangukia mikono ya dola isiyo rafiki.

Kila hatua ina sababu yake, na pengine kila moja ni halali. Lakini ukizijumlisha, zinapunguza ule uwazi ambao ndio uliowafanya wengine wakubali kwamba Norwei itawale. Mkataba ulikuwa wa kubadilishana: nyinyi mtawale, sisi tukaribishwe. Mwenye nyumba akianza kuwahesabu wageni, wageni nao huanza kuihoji hati ya nyumba.

Hakimu ambaye pia ni mdaawa

Kasoro kubwa ya mkataba wa 1920 ni kwamba haukuunda mahakama wala baraza la wanachama la kutatua migogoro ya jumla. Norwei ndiyo inayoutekeleza, na Norwei hiyo hiyo ndiyo inayoufasiri. Wakati wa amani, utaratibu huo ni rahisi na wa haraka. Wakati wa kutoaminiana, kila uamuzi wa Oslo huonekana kama hukumu ya mtu katika kesi yake mwenyewe.

Hakuna mahali pengine pa kukimbilia pia. Baraza la Aktiki, lililoundwa 1996 na nchi nane za kaskazini, lilikatazwa tangu mwanzo kujadili masuala ya kijeshi. Baada ya uvamizi wa Ukraine, nchi saba zilisitisha vikao na Urusi. Kazi imerejea kwa kiasi, hasa ya kitaalamu, lakini mawaziri hawakai tena meza moja kama zamani.

Wakati huo huo, Finland ilijiunga na NATO mnamo 2023 na Uswidi mnamo 2024, hivyo Urusi ndiyo pekee miongoni mwa nchi hizo nane iliyo nje ya jumuiya hiyo. Nyambizi zake za nyuklia zilizoko rasi ya Kola hupita baina ya Svalbard na Norwei bara ili kuifikia bahari ya Atlantiki. Na tangu 2025 Rais Donald Trump wa Marekani amesema mara kwa mara kwamba nchi yake lazima ipate Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark. Dola kubwa ikisema hivyo kuhusu ardhi ya rafiki yake, itamwambia nini Mrusi kuhusu ardhi ya jirani yake?

Historia inaonya. Septemba 1943, manowari za Ujerumani zilizoongozwa na Tirpitz zilipiga mizinga na kuiteketeza Longyearbyen na Barentsburg, ilhali mkataba ulikataza vita. Mnamo 1944, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kisovieti, Vyacheslav Molotov, alitaka mkataba ubadilishwe ili nchi yake itawale pamoja na Norwei. Norwei ilivuta muda, kisha ikakataa, na Moscow ikanyamaza. Ilinyamaza kwa sababu palikuwa na mlango wa kuzungumzia.

Usipoziba ufa

Barafu nayo haingoji wanasiasa. Svalbard inapata joto kwa kasi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Desemba 2015 poromoko la theluji lilizifukia nyumba za Longyearbyen na kuwaua watu wawili. Mnamo 2016 maji yalipenya katika njia ya kuingilia ghala la mbegu, ingawa mbegu zenyewe hazikudhurika. Mgodi wa mwisho wa makaa wa Norwei visiwani ulifungwa 2025, na kwa hiyo sababu iliyowapeleka Wanorwei huko kwa zaidi ya karne moja imekwisha. Barafu ikipungua, meli zitaongezeka, na kwa meli zaidi kutakuwa na ajali zaidi, wavuvi zaidi na waya zaidi zitakazokatika.

Norwei ina mambo mawili ya kufanya. La kwanza, irudishe mawasiliano ya kila siku baina ya gavana na Barentsburg kuhusu uokoaji, shehena na mazingira, hata kama haisemi na Moscow juu ya lolote jingine. Kuna mfano: tume ya pamoja ya uvuvi ya nchi hizo mbili iliendelea kukubaliana kuhusu viwango vya samaki hata baada ya 2022, kwa kuwa samaki akiisha ameisha kwa wote.

La pili, ikubali swali la bahari lipelekwe mbele ya hakimu asiye mdaawa. Wanorwei wengi huogopa kushindwa. Lakini haki inayosimama kwa sababu tu haijapimwa haiwezi kumtuliza jirani mwenye silaha.

Kwetu sisi, Svalbard ni mbali, na baridi yake hatuijui. Lakini mataifa madogo huishi kwa karatasi kama ile ya Paris. Hatuna manowari za kulinda mipaka ya bahari yetu dhidi ya wakubwa; tuna mikataba. Kila mkataba unaotupwa kaskazini hutupunguzia ngao huku kusini.

Na kuna zile mbegu. Kwa mujibu wa masharti ya ghala, zingali mali yetu. Hakuna anayeweza kulifungua kasha la Kenya isipokuwa Kenya yenyewe. Hiyo nayo ni ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi, katika visiwa vinavyolindwa na karatasi.